Mwongozo kamili wa kufunga kompyuta nzito ya kazi hapa Mwanza, kuanzia ukutani

Watu wengi wakitaka kufunga mashine kubwa swali la kwanza ni kadi gani ya picha, la pili prosesa gani, af umeme unasubiri hela itakayobaki, na wote tunajua hela huwa haibaki. Kwa Mwanza hiyo orodha igeuze. Anza na soketi ya ukutani, njoo kwenye UPS (kile kifaa kinachoishikilia mashine umeme ukikatika) na betri, halafu hewa na vumbi la chumba, ndo uje kwenye prosesa na kadi, na ukishafunga usihangaike kuipandisha mashine, ishushe, yaani ipunguzie umeme inaokula. Mbele huko nitaeleza kwa nini kuishusha ndo utamu wenyewe.

Naongelea mashine ya kazi: kuediti harusi na sendofu za 4K, kurenda picha za 3D kwa Blender, kumiksi muziki, kuendesha modeli za AI humohumo ndani bila kulipia mtu wa nje kila mwezi. Na anayenunua mashine ya namna hii huwa hana ugonjwa mmoja, utakuta ana kamera, ana spika za studio, ana kibodi yenye swichi za kubadilisha, kwahiyo nitavigusa vyote maana vyote vinakula umeme mmoja na kukaa kwenye hewa moja.

SOKETI

Chukua maltimita, hata ile ya bei ndogo, iweke kwenye volti za AC. Pima laivu na nyutro, unatakiwa uone 230 au jirani yake, jioni watu wakishawasha kila kitu inaweza ikashuka. Pima laivu na ethi (waya wa kwenda ardhini), namba iwe karibu sawa na ile ya kwanza. Pima nyutro na ethi, iwe volti moja mbili hivi. Sasa kama laivu na ethi inakupa namba ya ajabu, mara 60 mara 90, inachezacheza haitulii, jua huna ethi hapo, una tundu la tatu la urembo tu. Nyumba za kupanga ziko hivo nyingi kuliko unavyodhani.

Dalili nyingine haihitaji kipimo. Mashine imewashwa, unapitisha mgongo wa kidole kwenye kesi ya chuma unasikia inakutekenya, kama chuma kina vinyweleo. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita za kuchuja kelele zimefungwa kati ya waya za umeme na kesi, zinavujisha umeme kidogo ambao ulitakiwa ushuke ardhini kwa ethi, sasa ethi ikikosekana kesi nzima inaelea kwenye kama nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, ila ndo huohuo unaoingia kwenye maiki yako kama mvumo usioisha, na ndo huo unaorukia tundu la HDMI siku unachomeka TV huku vyote viwili vimewashwa. Mtu anabadilisha maiki, anabadilisha waya, anabadilisha kadi ya sauti, kumbe tatizo liko kwenye ethi.

Hapa kwetu kuna shida ya ziada, mawe. Ukikaa Isamilo, Mabatini, Capripoint au upande wa Bugando unaweza ukagonga ethi rodi (fimbo ya ethi) ikaingia futi mbili ikakutana na mwamba, na fundi akaikata juu akafukia akaondoka zake. Rodi fupi kwenye udongo mkavu juu ya jabali haifanyi kazi. Dawa yake ni kutafuta mahali penye udongo hata kama ni mbali kidogo na nyumba, au kuchimba mfereji na kulaza waya mnene wa shaba ardhini badala ya kuusimamisha, au kugonga rodi kadhaa na kuziunganisha pamoja. Wengine wanamwaga chumvi na mkaa, inasaidia kwa muda ila chumvi inakula chuma na mvua inaiosha, kwahiyo usiifanye ndo tegemeo. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA na mwambie akupimie ethi kwa kipimo chake mbele yako, siyo akwambie tu iko poa.

Wakati yupo hapohapo mwambie aweke kizuia radi kwenye ubao wa umeme, kile cha kufungwa pamoja na sakiti breka. Ukanda wa Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi Afrika, na ngurumo za ziwani zinapenda usiku, muda ambao wewe umeacha mashine inarenda umelala. Kile kifaa cha ukutani cha friji kinasaidia umeme ukipanda au kushuka, kwa radi hakitoshi. Na kumbuka radi haiingii kwa waya wa umeme peke yake, inapita pia waya wa mtandao unaotoka nje na waya wa antena. Ukisikia inanguruma karibu, chomoa vyote.

UPS NA BETRI

Namba kubwa kwenye boksi la UPS ni VA, siyo wati, na hapo ndo watu wanapigwa. UPS nyingi za madukani ukizidisha VA mara 0.6 unapata wati zake halisi, kwahiyo ya 1500VA inabeba kama wati 900, ya 650VA ni kama 390, na hiyo ya mwisho kwa mashine tunayoongelea ni kimeo. Tafuta yenye kurekebisha volti yenyewe bila kugusa betri umeme ukiwa mdogo, maana kama kila jioni inaruka kwenye betri, betri itakufa mapema. Na uliza kama mawimbi ya umeme wake ni sini kamili, yaani laini kama ya ukutani. Pawa saplai nzuri za sasa hivi baadhi yake hazipatani na yale mawimbi ya ngazi ngazi, umeme unakatika, UPS inaita, mashine inazima hivohivo.

UPS ni ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi. Ukitaka kuendelea na kazi umeme ukikatika mchana kutwa unahitaji inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri ya lithiamu. Betri ya volti 25.6 ya 100Ah ina kama uniti mbili na nusu, ukitoa ya kubakiza na inayopotea kwenye inveta unabaki na uniti mbili hivi. Betri za gari na za asidi ni rahisi kununua ila huwezi kuzimaliza zaidi ya nusu bila kuziua, kwahiyo ukipiga hesabu vizuri bei inakaribiana. Kwenye inveta kuna mpangilio wa UPS, unafupisha muda wa kuhama kwenda kwenye betri kufika kama milisekunde 10, uwashe, kwa sababu ukiuacha ule wa vifaa vya kawaida wa 20 hivi kompyuta inaweza ikazima kabla inveta haijafika. Ukiona bado inasumbua weka UPS ndogo yenye sini kati ya inveta na mashine.

CHUMBA

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mapafu yako hiyo siyo kitu ila hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kulinganisha na Dar, na feni inapoza kwa uzito wa hewa inayosukuma, kwahiyo kipoozi kilekile ambacho jamaa wa Kigamboni anakisifia hapa kitafanya kazi kidogo pungufu. Af sisi tuna unafuu upande mwingine, joto letu siyo lile la Dar na usiku kunapoa. Cha kuogopa ni bati. Chumba kisicho na silingi bodi saa nane mchana ni tanuri, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani inaongezeka pia kwenye prosesa. Mashine yenyewe ikila wati 500 inarudisha wati 500 chumbani kama joto, hakuna zinapopotelea. Kama una uwezo wa kitu kimoja tu piga silingi, ni bora kuliko kubadilisha kipoozi.

Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani. Kama unakaa Kirumba, Bwiru, Igombe au popote karibu na maji unawajua, wanainuka ziwani kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, na wanafuata taa. Kesi yenye kioo na taa za rangi mbele ya dirisha lililo wazi ni mwaliko rasmi. Wanavutwa na feni, wanagandamana kwenye radieta, wakikauka wanakuwa kama unga wa dagaa na harufu yake ni hiyohiyo. Kwahiyo nunua kesi yenye chujio za kuchomoa mbele, chini na juu, weka wavu wa mbu dirishani, na usiku zima taa za kesi, zile taa hazirendi chochote. Feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa, mfano tatu mbele na moja nyuma, ili hewa itoke kwenye vijitundu badala ya vumbi kuingilia humo. Usiweke mashine sakafuni, iinue hata sentimita 20, vumbi la barabara za huku pembeni liko chini.

Jambo zuri ni kwamba ziwa letu ni maji baridi, hakuna ile hewa ya chumvi inayokula shaba za watu wa Tanga na Zanzibar. Unyevu upo, kutu ya chumvi hakuna.

VIPURI

Sasa tununue. Nitatoa mfano mmoja ambao mimi ningeufunga leo, ukitaka punguza.

Prosesa Ryzen 9 9950X, kori 16, imetoka 2024, soketi ya AM5 (aina ya tundu la prosesa kwenye bodi). Kiwandani wanaiita ya wati 170 ila inaruhusiwa kuvuta hadi 230. Kama kazi yako ni kuediti tu 9900X inatosha kabisa, kori 16 ni za kurenda kwa prosesa na kukompaili. Ukienda Intel ya mtumba kizazi cha 13 au 14, zile kubwa za K, uliza sana historia yake, Intel wenyewe walikiri 2024 kwamba zilikuwa zinajiumiza kwa volti zilizozidi, wakatoa masasisho ya BIOS (programu ya ndani ya bodi) na kuongeza garanti miaka miwili. Iliyokwishaumia haiponi kwa sasisho.

RAM weka vijiti viwili, siyo vinne. DDR5 kwenye AM5 ukijaza tundu zote nne kasi inashuka vibaya, AMD wenye Ryzen yao wanaahidi 3600 tu, wakati viwili vya 32GB au 48GB vinakimbia 6000 bila shida. Watu wananunua viwili leo wanasema viwili baadae, usifanye hivo, nunua unachohitaji mara moja.

Kadi ningechukua RTX 5070 Ti, GB 16, wati 300. Sababu yangu siyo gemu. Kamera nyingi za sasa zinarekodi H.265 ya biti 10 aina ya 4:2:2, na kadi za Nvidia za kabla ya familia ya 50 haziwezi kuifungua hiyo kwa chipu yake, kazi inaangukia kwa prosesa na taimulaini inakwama kwama hata kama umenunua 4090 ya mamilioni. Kama unachofanya ni modeli za AI na hela haitoshi basi RTX 3090 ya mtumba, GB 24, bado ni dili, ila nusu ya chipu zake za memori ziko mgongoni mwa kadi na zinachemka, zikigusa nyuzi 110 inajipunguza yenyewe, kwahiyo hesabu kabisa hela ya kubadilisha pedi za joto. Na kabla hujamlipa muuzaji ipige mzigo nusu saa huku unaangalia joto kwenye programu ya HWiNFO, asikuonyeshe inawaka tu.

Pawa saplai wati 850 ya daraja la Gold, kiwango cha ATX 3.1, na soma lebo yake, iwe inakubali volti 100 mpaka 240. Zile zilizoandikwa 200 hadi 240 ndo zinazima umeme ukiwa mdogo jioni. Hapa usibane hela. SSD mbili, moja ya mfumo na programu, nyingine ya kazi inayoendelea, ziwe za TLC (aina ya chipu za kuhifadhi) na zenye DRAM (memori ndogo ya kuziharakisha) kama 990 Pro au SN850X. Kipoozi cha hewa chenye minara miwili kama Peerless Assassin 120 SE au NH-D15 kinatosha kabisa ukishaishusha mashine, cha maji nakikwepa kwa sababu pampu ikifa Mwanza siku hiyohiyo hupati nyingine, feni ikifa unapata yoyote unaifunga.

Kununua: mjini hapa utapata vitu vya kawaida, vya juu vingi vitatoka Kariakoo au nje ya nchi. Kariakoo kuna mawinga, winga siyo mwenye duka, na garanti ni ya duka, kwahiyo risiti iwe na namba ya kifaa na jina la duka. Ukiagiza nje kumbuka VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri. Na kama mtu amekufungia mashine Dar anataka kuitupia kwenye basi, mwambie kadi na kipoozi kikubwa vitolewe vije kwenye maboksi yake. Hizo ni zaidi ya kilomita elfu moja za matuta, kadi ya kilo moja na nusu inaning'inia kwenye tundu la plastiki, na ikishuka stendi ya Nyegezi utakuta tundu limepasuka na hakuna wa kumlaumu.

KUFUNGA

Hii ni sehemu rahisi kuliko zote watu wanaiogopa bure. Fungia juu ya boksi la madabodi, shika kesi ya chuma mara kwa mara kutoa umeme wa mwili. Prosesa ya AM5 haina pini, pini ziko kwenye bodi, usiziguse hata kwa pumzi. Pesti weka kiasi cha punje ya harage dogo katikati na vipande vidogo kwenye kona. RAM inaingia tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, siyo la kwanza na la pili. Waya wa kadi ule wa pini 16 ingiza mpaka mwisho kabisa, hakikisha hakuna mwanya, na usiukunje kwa karibu, acha sentimita tatu nne zinyooke kwanza. Zile picha za plagi zilizoyeyuka mtandaoni nyingi zilikuwa za waya ambao haukuingia wote.

Kabla ya kuifunika washa ikiwa nje ya kesi, bila kadi, hizi Ryzen zina kadi ndogo ya picha humohumo ndani kwahiyo monita ichomeke kwenye bodi. Na hapa usipanike: mara ya kwanza DDR5 inajifunza, skrini nyeusi, feni zinazunguka, taa ya DRAM imeganda, inaweza ikakaa hivo dakika kadhaa na ukiwa na RAM nyingi hata kumi. Usizime. Kanywe chai.

Ikiwaka sasisha BIOS kabla ya kitu kingine chochote, mashine ikiwa kwenye UPS, na UPS ikiwa imejaa chaji. BIOS za mwanzo za AM5 ziliunguza baadhi ya prosesa za Ryzen za X3D mwaka 2023 kwa volti ya SoC (sehemu ya ndani ya prosesa) iliyozidi, ikabidi AMD waweke ukomo wa volti 1.3, ndo maana hili halirukwi.

KUISHUSHA

Ndani ya BIOS washa EXPO (mpangilio wa kasi ya RAM), RAM ikimbie 6000. Halafu kabla hujasakinisha Windows au Linux ipime RAM kwa MemTest86 usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, usijipe moyo, shusha hadi 5800 au rudisha kijiti. RAM mbovu haikuzimii mashine kila siku, inakuharibia faili kimyakimya, na faili la harusi ya mtu halina marudio.

Prosesa nenda kwenye mipangilio ya PBO (sehemu ya BIOS ya nguvu za prosesa) uchague Eco ya wati 105, itavuta kama 142 badala ya 230. Kwenye kurenda unapoteza asilimia chache, kwenye kuediti na muziki hutaona chochote, na joto linashuka hadi feni unaisahau. Halafu Curve Optimizer, ya kupunguza volti za kori, weka hasi 10 kwa kori zote uanzie hapo, ikitulia nenda hasi 15. Ukizidisha mashine haitazima ikiwa na mzigo, itazima ikiwa imekaa tu, unasoma meseji, kwa sababu volti ya chini ndo inakosekana kwenye mzigo mdogo. Kwahiyo kipimo chake ni programu ya CoreCycler inayopita kori moja moja, siyo ya mzigo mzito kama Cinebench peke yake. Ukiona WHEA (makosa ya vifaa) kwenye kumbukumbu za Windows rudi nyuma hatua moja.

Kadi nayo ibane. Kwenye Windows tumia programu ya Afterburner, shusha kikomo cha nguvu mpaka asilimia 75, au pale chini kabisa kadi inapokubali, kwenye Linux ni amri ya nvidia-smi na namba ya wati. Kadi za siku hizi zinatoka kiwandani zimekamuliwa mpaka tone la mwisho, zile wati 75 za juu zinakupa kasi kidogo mno. Pima mwenyewe, renda mradi mmoja kwa asilimia 100, 85 na 75, andika muda na wati, amua kwa macho yako.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Mfano huu ukiuacha ulivyotoka kiwandani, prosesa na kadi zote zikiwa na mzigo, ukutani ni kama wati 650. Ukishushwa, kadi ikikubali asilimia 75, ni kama 470. Ile betri ya uniti mbili inakupa saa tatu kwa mashine ya kwanza na saa nne na kitu kwa ya pili. Kwenye LUKU kwa bei ya shilingi 350 na kitu kwa uniti, ukifanya kazi nzito saa nane kwa siku 26 za mwezi, tofauti ni kama elfu kumi na tatu. Siyo utajiri, ila UPS inakuwa na nafasi ya kupumua, chumba kinapungua wati 180 za joto, na unaweza kununua feni chache za polepole badala ya nyingi za kelele.

Feni zenyewe usizifungie kwenye joto la prosesa la papo kwa papo zitakuwa zinapiga kelele na kunyamaza kila ukifungua tabu. Weka ucheleweshaji wa sekunde chache na za kesi zifuate joto la kadi.

Mwisho wa hatua hii piga prosesa na kadi mzigo kwa pamoja saa nzima, saa nane mchana, siyo usiku kukiwa na baridi. Halafu katikati ya mzigo zima sakiti breka ya chumba. Ndio, makusudi. Kama UPS itaangusha mashine afadhali iangushe leo bila kazi ya mteja ndani.

SAUTI

Ethi ikiwa safi nusu ya matatizo ya sauti yameisha. Nusu nyingine ni kuchomeka vyote, mashine, kadi ya sauti na spika, kwenye ekstensheni moja nzuri ili viwe na njia moja ya ethi, na kutumia waya za balansi, XLR au TRS, kwenda kwenye spika. Usikubali ushauri wa kukata pini ya ethi ili mvumo uishe, mvumo utaisha kweli na siku kifaa kikipiga shoti njia inayobaki ya umeme ni wewe.

Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128 kwenye 48kHz ni kama milisekunde 2.7, mwimbaji hawezi kuisikia. Ikitoa mikwaruzo pima na programu ya LatencyMon kabla ya kulaumu kadi ya sauti, mara nyingi ni draiva ya waifai au ya picha. Hedifoni zenye oumu 300 kama HD 600 kadi ndogo zinazisukuma kwa shida, jaribu kabla hujanunua amplifaya. Na maiki ya kondensa ielekeze mgongo kwenye mashine. Mvua ikishaanza juu ya bati funga programu nenda kalale, hakuna pluginni ya hiyo.

KAMERA, DISKI NA KIBODI

Unyevu wa ziwa ndo adui wa lenzi. Begi la kamera lililofungwa kabatini msimu wa masika ni shamba la ukungu, na ukungu ukishakula kioo alama haitoki. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana na mpira, weka silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, iwe asilimia 40 hadi 50. Mchele hausaidii, unaleta unga na wadudu. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni ndogo urudishe.

Kabla ya kununua diski piga hesabu: video ya megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kamera tatu harusi ya saa sita ni GB 810, na hiyo ni Jumamosi moja. Kwahiyo SSD ni ya kazi ya sasa, ikiisha inahamia kwenye hard disk mbili tofauti, na moja isikae nyumbani, ipeleke kwa ndugu Kisesa au Igoma. Radi, mwizi na bomba lililopasuka vinachukua mashine na nakala yake kwa pamoja kama ziko chumba kimoja. Diski na kadi za memori feki ziko nyingi, zijaze zote kwa programu ya H2testw au F3 siku unayonunua, wakati risiti bado ina moto.

Kibodi nunua ile ambayo swichi zinachomoka bila kuchomelea, kwa vumbi letu swichi moja moja zitaanza kubofya mara mbili na utabadilisha hiyo tu. Ukipaka grisi paka kidogo sana, grisi nyingi inashika vumbi na vidole vinahisi.

USAFI

Chujio kila wiki mbili, baada ya wadudu hata kila siku tatu. Ndani puliza kwa bloa kila miezi mitatu, ukiwa nje barazani, shika kila feni kwa kidole isizunguke maana bloa inaizungusha kupita uwezo wake. Usitumie kompresa ya gereji, inatema maji na mafuta. Maltimita ile ya mwanzo irudishe kwenye soketi kila kiangazi, Julai na Agosti udongo ukikauka ethi inadhoofika, ukiona nyutro na ethi imepanda mwagilia maji pale ilipo rodi upime tena, na kama bado iko juu muite fundi.